Neno la Siri Lilikuwa Lipi?

Hadithi yenyewe ni tamu, na nimeisimulia mara nyingi kuliko ningependa kukiri. Inaenda hivi. Mwaka wa 1946, kusini mwa Marekani, jamaa mmoja Mzungu kwa jina Stetson Kennedy anajipenyeza ndani ya Ku Klux Klan, lile genge la kanzu nyeupe na kofia ndefu za kufunika uso. Anahudhuria mikutano yao. Anakariri maneno yao ya siri, jinsi wanavyosalimiana kwa mkono, na vile vyeo vyao vya ajabu ajabu. Kwa polisi hawezi kwenda, manake baadhi ya polisi wamo humo humo. Basi anawapelekea siri hizo watayarishaji wa kipindi cha redio cha Superman, nao wanatunga mchezo ambamo Superman anapambana na Klan. Kila jioni siri zinamwagwa hewani. Mwanachama mmoja anatoka kazini na kukuta wanawe wamejifunga taulo shingoni, huyu akiwa Superman na yule akiwa Klan, wanaitana kwa neno ambalo yeye mwenyewe aliapa kulificha hadi kaburini. Klan inabadilisha neno. Kesho yake redio inalitaja jipya. Watu wazima wanaona haya, wanajiondoa mmoja mmoja, na genge lililotisha watu kwa miaka themanini linakufa kwa kuchekwa na watoto.

Nani anayeandika hadithi ambaye hangetaka hiyo iwe kweli?

Mara ya mwisho kuisimulia ilikuwa kwenye kikao cha waandishi hapa Nairobi, watu kumi hivi, chai ya maziwa na mandazi yaliyopoa. Nilipomaliza, dada mmoja ambaye huwa haongei sana akauliza, "Na hilo neno la siri lilikuwa lipi?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anataka kujua tu, na mimi sikuwa na jibu.

Uzuri ni kwamba rekodi zipo. Mchezo wenyewe unaitwa Clan of the Fiery Cross, yaani Ukoo wa Msalaba wa Moto, sehemu kumi na sita zilizorushwa na mtandao wa redio wa Mutual kuanzia tarehe 10 Juni hadi 1 Julai 1946, kila siku ya kazi. Nilizisikiliza zote kwa simu, nyingine nikiwa kwenye matatu, nyingine usiku stima zikiwa zimepotea, kalamu mkononi, nikingojea neno la siri.

Kwanza niseme kidogo kuhusu kipindi, kwa sababu sisi tumezoea Superman wa sinema. Alianza redioni mwaka wa 1940, miaka miwili tu baada ya kuzaliwa kwenye vitabu vya katuni, na redio ndiyo iliyomlea. Perry White, yule mhariri mwenye hasira, alitoka redioni. Jimmy Olsen alipata jina lake redioni. Hata Kryptonite, lile jiwe linalommaliza nguvu, lilisikika 1943 kabla halijachorwa. Mwigizaji wake, Bud Collyer, alikuwa na ujanja mmoja: akiwa Clark Kent aliongea kwa sauti nyepesi ya juu, kisha katikati ya sentensi sauti ikashuka hadi kifuani, na msikilizaji akajua kwamba nguo zimeshabadilishwa. Huhitaji picha. Nimejaribu kuifanya bafuni, si rahisi.

Wakati wa vita adui alikuwa tayari. Wajerumani na Wajapani walitosha kujaza vipindi. Vita vilipokwisha 1945, watayarishaji wakiongozwa na Robert Maxwell walianza kutafuta adui mwingine, na wakaamua awe yule wa nyumbani: ubaguzi. Mdhamini wao alikuwa Kellogg's, aliyekuwa akiuza nafaka za kiamshakinywa zilizoitwa Pep, naye akakubali. Walijaribu kwanza na mchezo kuhusu genge la wachochezi wa chuki, na mwezi Juni wakaingia kwenye jambo lenyewe.

Ona walivyoandika jina. Clan, kwa herufi C, si K. Kwenye karatasi wakili angeweza kusimama nalo mahakamani. Lakini redio haina herufi. Sikioni C na K ni kitu kimoja, na mtoto wa Georgia hakuhitaji kuelezwa ni nani anayesemwa.

Hadithi inaanza na mchezo wa watoto. Jimmy Olsen anasimamia timu ya besiboli ya vijana ya Unity House. Kuna mvulana mgeni, Tommy Lee, wa familia ya Kichina, ambaye mkono wake wa kurusha mpira ni mzuri hadi anamwondoa Chuck Riggs kwenye nafasi yake. Siku moja mazoezini mpira wa Tommy unampiga Chuck kwa bahati mbaya. Chuck anaenda nyumbani akiwa na uchungu wa mtoto aliyewekwa benchi, na huko anamkuta ami yake, Matt Riggs. Ami anauchukua ule uchungu na kuupa maana. Haikuwa bahati mbaya, anamwambia. Watu hawa wanataka kuchukua kila kitu.

Hapo nilisimamisha simu. Hakuna aliyezaliwa gaidi katika mchezo huu. Kuna mtoto aliyeumia, na mtu mzima aliyekuwa akingojea aumie.

Kumbe ami huyo ndiye Nge Mkuu wa Ukoo mjini Metropolis. Usiku, msalaba unawashwa moto nje ya nyumba ya kina Lee. Babake Tommy ni mwanasayansi wa bakteria aliyeajiriwa na idara ya afya ya mji, kwa hivyo hata huyu mzee ana kazi ambayo kuna Mzungu anadhani ni yake. Tommy anatekwa ili apakwe lami ya moto na kubandikwa manyoya. Anatoroka, anavunjika mkono na karibu afe maji. Baadaye wanatekwa Jimmy na Perry White, ambaye gazeti lake limekuwa likiwaandama. Na muda huo wote Chuck anaijua sauti iliyo nyuma ya kofia. Anajua ni nani. Sehemu baada ya sehemu amebeba hilo jina tumboni. Kwangu msisimko wote uko hapo. Superman atashinda, hilo tunalijua tangu tangazo la kwanza la Pep. Tusichojua ni kama mtoto atamtaja ami yake.

Halafu kuna pahali karibu na mwisho niliporudia mara tatu. Mambo yamemharibikia Riggs, naye anaenda kwa mkubwa wa Ukoo wa nchi nzima kuomba msaada. Anatarajia kukuta mtu mwenye imani kama yake. Anakuta mfanyabiashara. Mkubwa anashangaa kwamba huyu jamaa anaamini kwa kweli mambo ya kufukuza wageni. Anamweleza bila aibu kwamba Ukoo ni biashara, bidhaa yake ni chuki, na wanachama ni wajinga wa kuuziwa kanzu. Unamsikia Riggs akihangaika kwa sauti ya mtu aliyechomewa nyumba. Hiki ni kipindi cha watoto, jamani. Kimerushwa jioni, mama akiwa jikoni.

Na hapo watunzi hawakubuni kitu. Klan ya kwanza, iliyoibuka baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha 1865, ilikuwa imezimwa miaka mingi. Iliyofufuliwa 1915 na William J. Simmons, juu ya Stone Mountain huko Georgia, ilifufuka sambamba na sinema ya The Birth of a Nation. Hata msalaba wa moto haukuwa mila yao ya zamani. Ulitoka kwenye riwaya ya Thomas Dixon ya 1905, ukaingia kwenye sinema, kisha watu wa Simmons wakaubeba kutoka kwenye sinema hadi mlimani. Hilo lilinikalisha chini. Wanaosema kwamba hadithi iliiua Klan wanasahau kwamba hadithi ndiyo iliyoivalisha.

Miaka ya mwanzo Simmons hakufika mbali. Mwaka wa 1920 aliajiri wataalamu wawili wa matangazo, Edward Young Clarke na Elizabeth Tyler, nao wakaigeuza Klan kuwa kitu ambacho kila Mkenya wa leo anakijua: biashara ya kuingiza watu kwa kamisheni. Ada ya kujiunga ilikuwa dola 10. Aliyekuletea fomu alibaki na dola 4, na zilizobaki zikapanda ngazi, kila mkubwa akichota chake. Kanzu hushonwi na fundi wa kwenu. Zilitoka kiwandani Atlanta, na ulizinunua kwao. Katikati ya miaka ya 1920 wanachama walihesabika kwa mamilioni. Na kilichoifunga rasmi Klan hiyo si Superman wala mahakama ya haki za binadamu. Mwaka wa 1944 watoza ushuru wa serikali kuu waliidai dola 685,000 za kodi, na mkuu wake wa wakati huo, daktari wa mifugo aitwaye James Colescott, akaivunja. Mei 1946 daktari mwingine, Samuel Green wa Atlanta, huyu wa akina mama wajawazito, alirudi na watu wake Stone Mountain kuwasha msalaba upya. Wiki chache baadaye Tommy Lee akarusha mpira wake wa kwanza redioni.

Sasa lile neno. Nilifika sehemu ya kumi na sita, nikasikia Riggs akijaribu kuwapiga risasi wavulana siku ya mechi na Superman akimzuia, nikasikia mtangazaji akiaga. Karatasi yangu ilikuwa na maandishi mengi lakini neno la siri la Klan halisi halikuwemo. Kuna viapo, kuna moto, kuna vyeo vya kutunga. Neno ambalo mwanachama wa Atlanta angelisikia akapaliwa na chai, hakuna.

Kwa hivyo nikamgeukia Kennedy. Alizaliwa Jacksonville, Florida, mwaka wa 1916, na kitabu chake cha kujipenyeza ndani ya Klan kilitoka 1954, kimeandikwa kama thrila, kila ukurasa mtu anakaribia kumgundua. Humo ndimo ilimotoka hadithi ya Superman. Mwaka wa 2005 kitabu cha Freakonomics kiliisimulia upya, na ndivyo ilivyotufikia akina sisi tunaosoma vitabu vya mitumba pale Tom Mboya Street. Kumbe Januari 2006 waandishi wake wawili, Steven Levitt na Stephen Dubner, waliandika kwenye New York Times kwamba wamechezwa. Mtafiti mmoja, Ben Green, alikuwa amepekua nyaraka za Kennedy mwenyewe na kuona kwamba mengi aliyodai kuyafanya akiwa ndani yalifanywa na mtu mwingine, mfanyakazi aliyekuwa akitoa taarifa kwa jina bandia la John Brown. Kennedy aliyachukua matendo ya huyo mtu na kuyavaa.

Sitaki kumtupa mzee. Alipinga Klan kweli, pale Georgia, wakati ambapo kufanya hivyo kungeweza kukugharimu maisha. Taarifa zilizotoka ndani zilifika kwa wapelelezi wa jimbo na kwa mwanahabari Drew Pearson, ambaye alizitumia redioni, na 1947 Klan ilipoteza hati yake ya usajili Georgia. Kuna mambo halisi pale ya kutosha kitabu kizima. Lakini yalikuwa na nyaraka, vikao na mawakili, na yeye alitaka taulo shingoni. Namwelewa sana. Mimi nilikuwa na miaka kadhaa ya kuhakiki hadithi hii na sikuhakiki, kwa sababu ileile.

Kinachonisumbua zaidi ni kalenda. Sehemu ya mwisho ilirushwa tarehe 1 Julai 1946. Tarehe 25 Julai, siku ishirini na nne baadaye, katika kaunti ya Walton, Georgia, mkulima wa Kizungu alikuwa amemtoa Roger Malcom jela kwa dhamana ya dola 600. Malcom alikuwa amefungwa kwa kumdunga kisu Mzungu mmoja. Garini walikuwemo pia mkewe Dorothy, George Dorsey, na mke wa Dorsey, Mae Murray. Dorsey alikuwa ametoka jeshini. Alikuwa amevaa sare ya nchi yake katika vita vile vile vilivyompa Superman kazi. Karibu na daraja la Moore's Ford kundi la wanaume lilisimamisha gari, likawashusha wote wanne, likawapiga risasi.

Ilikuwa jioni, jua lingalipo. Na kwa maelezo ya huyo mkulima, aliyeachwa hai, watu hao hawakufunika nyuso.

Hapo ndipo mchezo wa redio uliponiacha. Kwake ugaidi una kofia; vua kofia, mambo yameisha. Georgia hawakuhitaji kofia. FBI ilihoji watu zaidi ya elfu mbili. Baraza la mahakama likaketi Desemba na kusikiliza mashahidi, na hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo, hadi leo. Hakuna aliyemtaja ami yake. Maneno ya siri ya Klan yangeweza kuimbwa na watoto kila jioni kuanzia Atlanta hadi Savannah na jambo hilo lisingebadilika, manake kilichofichwa hakikuwa neno. Yalikuwa majina, na kila mtu kijijini aliyajua.

Halafu angalia aliyewekwa kwenye nafasi ya mlengwa redioni. Mwaka ambao mwanajeshi Mweusi, Isaac Woodard, alipigwa na polisi South Carolina hadi akawa kipofu, Februari, saa chache tu baada ya kuachiliwa jeshini, mchezo mkubwa kabisa dhidi ya Klan ulikuwa kuhusu familia ya Kichina. Wachina walikuwa wamebaguliwa kweli. Sheria ya kuwafungia mlango ilifutwa 1943 tu. Lakini China ilikuwa mshirika wa vita, na nadhani watayarishaji walipima ni mtoto gani ambaye mama wa Alabama angemhurumia bila kuzima redio. Waliyempata akawa Tommy. Na ukitaka kujua huruma hiyo ilikuwa na mipaka gani, jalada la Action Comics la Machi 1943 linamwonyesha Superman huyu huyu akichapa mabango ya kuhimiza watu wawazabe Wajapani kofi, kwa jina la matusi, kwa kununua hati za vita. Miaka mitatu. Mkono ni ule ule.

Aliyempa Woodard jina lake redioni ni Orson Welles. Kuanzia mwisho wa Julai 1946, kwenye kipindi chake cha ABC, alimzungumzia kwa jina wiki baada ya wiki na kumsaka yule polisi hewani bila kutumia shujaa anayeruka. Polisi huyo alishtakiwa baadaye, na baraza la wazee wa mahakama, Wazungu watupu, likamwachilia.

Basi mchezo wa Superman ulifanya nini? Swali hili nililiacha kwa wiki kadhaa, hadi nikakumbuka kwamba kuna pahali lilipoulizwa kwa utaratibu, na ni hapa karibu. Rwanda, nchi ambayo RTLM iliitumia redio kuchochea mauaji ya 1994, ina mchezo wa redio uitwao Musekeweya, ulioanza 2004, kuhusu vijiji viwili vinavyochochewa kuchukiana. Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck aliwafuatilia wasikilizaji kwa mwaka mmoja, akiwalinganisha na waliosikiliza mchezo mwingine wa mambo ya afya. Matokeo aliyochapisha 2009 hayafurahishi wala hayakatishi tamaa. Kile watu walichoamini moyoni hakikubadilika sana. Kilichobadilika ni kile walichodhani kwamba wenzao wanakiona kuwa sawa, na pia walikuwa wepesi zaidi kupinga jambo hadharani, mbele ya watu, badala ya kuinamisha kichwa. Hapa kwetu, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, tulitengenezewa The Team, timu ya mpira yenye wachezaji wa makabila mbalimbali, bila shaka bila mtu kujua kwamba wanamrudia Jimmy Olsen na vijana wake wa besiboli.

Nikiusikiliza tena mchezo kwa sikio hilo, sehemu za Superman kuzuia risasi zinapita tu. Nangojea Chuck. Nangojea zile sekunde ambazo amefungua mdomo na bado hajasema, na mpiga kinanda ameshika noti moja.

Kikao kilichofuata nilimwambia yule dada ukweli: neno la siri halikuwepo, hadithi nimeipoteza, samahani. Nikamsimulia mchezo wenyewe badala yake, kuanzia mpira uliompiga Chuck. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Kwa hivyo huyo kijana," akauliza, "mwishowe alimtaja?"

Alimtaja, nikamwambia. Akauliza ni sehemu ya ngapi, akatoa simu, akaanza kuitafuta.